Farasi Asiye na Tumbo: Mjadala wa Barazani Malindi

Kijana wetu alirudi likizo ya Desemba akitokea Bristol, Uingereza, na simu yake badala ya kujaa picha za theluji ilijaa picha za samaki. Si samaki wa kupaka wala wa kukaanga. Ni farasi wa bahari wawili, dume na jike, wanaoishi ndani ya tangi la kioo sebuleni kwake, mikia wameizungusha kwenye kijiti kama watu walioshikilia nguzo ndani ya matatu. Simu ikapita mkono kwa mkono barazani, watu wakacheka, kisha wakaanza kubishana, na ubishi ukachukua alasiri tatu mfululizo.

Nimeufupisha ubishi huo na majina nimeyaacha. Waliosema sana ni watatu. Mfugaji ndiye huyo kijana. Mvuvi ni ami yake, aliyetupa nyavu Ghuba ya Ungwana tangu ndevu hazijaota, na bahari ilipomnyima akenda kuchota chumvi Gongoni. Mwalimu ni bibi aliyefundisha biolojia sekondari mpaka akastaafu. Kilichowagonganisha ni azma ya kijana: anataka kurudi nyumbani na kuwazalisha farasi wa bahari hapa hapa Malindi, awauze kwa wafugaji wa ng'ambo. Mimi nilikaa upande wa birika la kahawa.

MVUVI: Mwanangu, mdudu huyu nimemwona umri wangu wote. Hupanda na wavu pamoja na majani. Hana nyama. Paka humnusa akamwacha. Wewe umempa nyumba ya kioo, na stima usiku na mchana. Yeye anakupa nini?

MFUGAJI: Alfajiri, ami, kabla sijaenda kazini, nikiwasha taa huwakuta kila mmoja na kona yake. Dakika mbili hazipiti, jike anamfuata dume. Wote wawili wanabadilika rangi, wanapauka na kung'aa. Wanashika kijiti kimoja kwa mikia, wanakizunguka pole pole kama watoto wanaozunguka nguzo ya msikiti. Kisha wanaachana, kila mtu na shughuli zake mpaka kesho. Sijaona mke na mume wanaoamkiana namna hiyo.

MVUVI: Huko Bristol labda.

MWALIMU: Hata hapa baharini wako hivyo. Kuamkiana huko ndiko kunakowaweka sawa, jike akiwa tayari na mayai dume awe tayari na kifuko. Maana anayebeba mimba ni dume.

MVUVI: Hilo nimelisikia, sikuliamini.

MWALIMU: Liamini, mzee wangu. Jike humwingizia dume mayai kwenye kifuko kilicho chini ya tumbo lake. Humo ndimo yanamotungishwa, humo yanapata hewa kutoka damu ya baba. Tena yale maji ya ndani hurekebishwa chumvi yake hatua kwa hatua mpaka yalingane na ya bahari, ili mtoto akitoka asishtuke. Wiki mbili au tatu, kutegemea joto la maji. Halafu uchungu unamshika, mara nyingi gizani au alfajiri. Anajikunja na kujikunjua, anawarusha nje mafungu kwa mafungu.

MUUZA KAHAWA: Basi huyo dume ndiye wa kutolewa mahari.

Kicheko kilipotulia, Mvuvi aliuliza swali ambalo mimi pia nilikuwa nalo mdomoni.

MVUVI: Wako alizaa wangapi?

MFUGAJI: Uzazi wa kwanza, zaidi ya 300. Niliwapiga picha nikawahesabu kwenye skrini.

MVUVI: Mashallah! Si umetajirika?

MFUGAJI: Siku ya nane walibaki 11, ami. Siku ya kumi na mbili nikaosha chombo.

Mvuvi hakumcheka. Amezika samaki wengi mno walioharibika kwa kukosa barafu, anajua uso wa mtu anayemwaga alichokihangaikia. Alimsogezea kijana kashata, akamwambia aeleze alipokosea.

MFUGAJI: Nilikosea kila mahali. Mtoto wa farasi wa bahari ni kama punje ya mchele, lakini ana kila kitu: pua ndefu, macho yanayogeuka kila moja upande wake, mkia unaotafuta kitu cha kushika. Asipopata kitu hushika mkia wa nduguye, au pua yake. Nilikuta sita wamefungamana kama shada, hakuna anayekula. Juu ya chombo niliweka taa, kumbe watoto hufuata mwanga. Walipanda wote juu, wakameza hewa, wakabaki wanaelea ubavu na kushindwa kuzama. Nikatia lile jiwe la pampu linalotoa viputo vyembamba, nikidhani nawapa pumzi. Viputo vyembamba nao wakavimeza.

MWALIMU: Na chakula?

MFUGAJI: Chakula ndicho kilichowamaliza. Farasi wa bahari hali kitu kisichotikisika mpaka afunzwe, na mtoto hafunziki. Anataka kiumbe hai, kidogo kuliko mdomo wake, kipite mbele ya pua. Kwa hiyo unanunua mayai makavu ya artemia.

MVUVI: Artemia ndiyo nini?

MFUGAJI: Ni jamaa ya uduvi, wa maji ya chumvi kali. Mayai yake yamekauka kama vumbi, gramu moja ina zaidi ya 200,000, na hukaa miaka kwenye kopo bila kufa. Unachukua chupa ya soda ya lita mbili, unaikata kitako na kuipindua, unatia maji ya chumvi, mpira wa hewa na taa pembeni. Baada ya saa 24 maji yamegeuka rangi ya machungwa. Unazima hewa, maganda yanaelea juu, watoto wa artemia wanakusanyika penye mwanga, unawanyonya kwa kimpira. Mimi siku zile niliwamwaga pamoja na maganda. Ganda halisagiki, linaziba utumbo. Tena niliwatoa wakiwa na njaa. Artemia akishamaliza kiini alichozaliwa nacho huwa ngozi na maji tu. Inabidi umlishe yeye kwanza, mwani na mafuta, ndipo umpe farasi.

MVUVI: Kwa hiyo unamfuga uduvi ili umfuge farasi.

MFUGAJI: Ndiyo.

MVUVI: Na unafuga mwani ili umfuge uduvi.

MFUGAJI: Ndiyo, ami.

MVUVI: Basi usituambie unafuga farasi. Wewe una shamba, na farasi ndiye mgeni wa mwisho kuja kula.

Nimesoma maelekezo mengi juu ya ufugaji huu, na sijaona sentensi inayoieleza kazi yenyewe kwa usahihi kuliko hiyo. Wanaoanza huuliza tangi la ukubwa gani na farasi wa rangi gani. Hayo yana majibu mepesi: jozi moja ya farasi wa bahari wa Atlantiki, kama hao wa kijana, ambao ndio wazoefu zaidi wa kuzaliwa utumwani, inataka zaidi ya lita 100, na tangi liwe refu kwenda juu, sentimita 45 au zaidi, maana ngoma yao ya kupeana mayai huchezwa kwa kupanda wima. Mkondo uwe wa wastani, vijiti vya kushika viwepo, matumbawe yanayochoma yasiwepo. Tangi liendeshwe wiki kadhaa tupu mpaka bakteria wa kuvunja amonia wajijenge. Yote hayo fundi yeyote makini atayamaliza kwa mwezi mmoja. Jikoni ndiko wanakoshindwa.

Mwalimu aliporudi siku ya pili alileta daftari.

MWALIMU: Nataka muelewe kwa nini jiko hilo halifungwi. Samaki huyu hana meno, na hana tumbo. Simaanishi kitambi; simaanishi tumbo hili la nje. Hana mfuko wa kuhifadhi chakula. Alichokimeza kinapita kwenye utumbo mnyoofu na kutoka, nusu hakijasagwa. Sisi tukila daku tunafika magharibi. Yeye anashiba na baada ya muda mfupi ana njaa.

MFUGAJI: Wakubwa nawapa mara mbili kwa siku, uduvi wa kugandishwa, mmoja mmoja kwa mrija. Watoto, kutwa nzima.

MWALIMU: Na chakula kingi ni uchafu mwingi. Ukiwapunguzia, wanakonda. Ukiwazidishia, maji yanaoza. Unatembea juu ya kamba.

MVUVI: Hapo nina swali, na nimelala nalo. Jana ulisema tangi lako ni nyuzi ngapi?

MFUGAJI: 23. Nikizidisha sana, 24.

MVUVI: Bahari hii, Machi, kaskazi ikifa, hufika 29, 30. Maji kama chai. Na farasi wamo, wazima, wamejibanza kwenye majani. Mbona wa kwako anataka ubaridi, kama mzungu?

Kijana alifungua mdomo akaufunga. Mwalimu ndiye aliyejibu, na ilionekana alikuwa akilisubiri.

MWALIMU: Kwa sababu bahari haina kuta. Kuna bakteria waitwao vibrio. Wamo kwenye bahari na wamo kwenye tangi. Baharini wamezimuliwa, maji kupwa na maji kujaa mara mbili kila siku, uchafu unachukuliwa. Ndani ya lita 100 zenye mabaki ya chakula, joto likipanda nyuzi mbili tatu, vibrio huzaana kuliko kinga ya samaki inavyoweza kuwazuia. Ngozi inatoka madoa, mkia unamomonyoka, pua inaoza na hawezi kula tena. Kwa hiyo wafugaji wanashusha joto kumchelewesha adui. Farasi mwenyewe hakuomba baridi.

MVUVI: Ajabu. Kumbe kumweka farasi huyu Bristol ni rahisi kuliko kumweka hapa, hatua 200 kutoka kwao.

MFUGAJI: Kule chumba chenyewe ni baridi. Hapa nitahitaji mashine ya kupoza maji, na stima isipotee.

MUUZA KAHAWA: Isipotee? Malindi?

MFUGAJI: Nitaweka betri na sola.

MVUVI: Ongeza kwenye hesabu. Mashine, betri, sola. Sijasikia bado bei ya farasi.

Hoja ya pesa sitaikalia. Kila mtu barazani ni mchumi. Iliyonigusa zaidi ni ile ya siku ya tatu, kwa sababu hapo kijana alitoa turufu yake, nayo ilimpinduka mkononi.

MFUGAJI: Sawa, tuache faida. Fikirini bahari. Kila farasi aliyezaliwa kwangu ni mmoja ambaye hakutolewa majini. Nikizalisha mia, nimeokoa mia.

MVUVI: Umeokoa kutoka kwa nani? Mimi sijawahi kumtafuta. Miaka ile walipita wanunuzi wa wale waliokauka, wa dawa za Asia. Tulikuwa tukimwanika juu ya bati pamoja na majongoo. Hatukumvua makusudi, alikuja na wavu. Anayemmaliza ni trola. Trola za kamba zilikuwa zikikokota Ungwana mbele ya macho yetu, wavu unachimba chini kama jembe, unapandisha kamba, majani, vitoto vya samaki, farasi, kila kitu, kisha wasichokitaka wanakimwaga kimekufa. Tulilalama mpaka 2006 zikaondolewa. 2011 zikaruhusiwa kurudi. Tangi lako linaizuia trola gani?

MWALIMU: Mzee ana haki, na takwimu ziko upande wake. Makadirio yaliyochapishwa 2017, ya nchi zaidi ya 20, yanasema farasi wa bahari wapatao milioni 37 hunaswa kila mwaka kwenye nyavu zilizokusudiwa samaki wengine. Tangu Mei 2004 biashara ya kimataifa ya farasi wa bahari wa aina zote iko chini ya mkataba wa CITES, nchi inatakiwa ithibitishe kwamba kuuza kwake hakuwamalizi. Wavu hausomi mkataba. Mwanangu, mia zako ni nzuri, lakini usizihesabu kwenye daftari la bahari. Wateja wako wa Ulaya si wale waliokuwa wakinunua waliokauka.

MFUGAJI: Basi nitawarudisha baharini. Nitazalisha na kuachia.

MWALIMU: Hapana! Hao ulio nao ni wa Atlantiki. Utawaachia Bahari ya Hindi na maradhi ya tangi migongoni?

MFUGAJI: Sydney walifanya.

MWALIMU: Sydney walichukua wazazi wa bandari ile ile, wa aina isiyopatikana nje ya pwani ile ya Australia, wakazalisha katika akwariamu kubwa yenye wataalamu. Kwanza wakazamisha vizimba vya chuma, waliviita hoteli, vikaota mwani na vidudu vya kuliwa. Ndipo mwaka 2020 wakawaachia vijana wakiwa na alama mwilini, wakaendelea kuwafuata chini ya maji kuona nani kaishi. Walianza na makazi. Wewe unataka kuanza na mpangaji.

MFUGAJI: Na nikichukua jozi ya hapa? Moja tu.

MVUVI: Utaitoa wapi? Ndani ya hifadhi ya bahari huruhusiwi hata kuokota kombe, tangu 1968. Nje ya hifadhi nitakuokotea mimi, kesho, maji yakipwa. Lakini umesema wewe mwenyewe wanaamkiana kila asubuhi. Nikikuletea dume peke yake, kwa sababu ndiye niliyemwona, jike atamwamkia nani?

Kijana alinyamaza muda mrefu. Mimi hapo ndipo nilipojua nimesimama wapi. Sioni dhambi kumweka farasi wa bahari aliyezaliwa kwenye tangi, wa kizazi kilichokwisha zoea uduvi wa kugandishwa, kwa mtu aliye tayari kuamka usiku. Huyo hampunguzii mtu kitu, na asubuhi anaona jambo ambalo wavuvi wa miaka hamsini hawajaliona. Lakini aliyetolewa kwenye majani akatiwa kwenye kioo ni habari nyingine. Huyo hakijui chakula kilichokufa, hufa na njaa chakula kikiwa kimemzunguka, na hubeba vimelea ambavyo baharini havikumsumbua. Hilo hata wafugaji wenyewe wanaambizana. Na kama kijana anataka uzazi usiomuua kwa huzuni, yuko yule mdogo wa Florida, mwenye kimo cha sentimita mbili na nusu, anayezaa wachache na ambaye watoto wake hula artemia tangu siku ya kwanza. Nilimtajia, akakunja uso. Mdogo mno, alisema, wateja hawamwoni. Nikajua bado anauza.

Tulikuwa tunakusanya vikombe Mvuvi alipomrudia.

MVUVI: Hayo mayai ya artemia unayanunua kutoka wapi?

MFUGAJI: Kopo linatoka Marekani. Kuna ziwa la chumvi Utah, ndilo linalolisha vifaranga vya samaki sehemu nyingi za dunia.

MVUVI: Yakoje, kabla hayajatiwa koponi?

MFUGAJI: Kahawia. Kama unga wa mbao. Yanaelea.

MVUVI: Na hao wakubwa wenyewe? Wekundu wekundu, wanaogelea chali, wengi mpaka maji yanaonekana yametiwa damu?

MFUGAJI: Ami, umewaona wapi?

MVUVI: Gongoni! Kwenye madimbwi ya chumvi. Yale ya katikati, ambayo samaki hawezi kuishi na chumvi bado haijaganda. Heroe wanawafuata. Na kusi likivuma, ukingo wa kaskazini wa dimbwi unajaa huo unga, mkono mzima. Tulikuwa tukiufagia tukautupa, tuliuita takataka.

MWALIMU: Waliletwa. Miaka ya 1980 watafiti waliwamwaga mle makusudi, aina ya Amerika, wakashika. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi habari hiyo. Wanakula mwani unaochafua maji, chumvi inatoka safi zaidi.

MFUGAJI: Kwa hiyo chakula kiko hapa.

MVUVI: Chakula kiko hapa tangu wewe hujazaliwa. Na wenye mabwawa ya samaki na ya kamba wote wanakihitaji, si wewe na farasi wako. Jumamosi nakwenda kumtazama mwenzangu wa zamani wa chumvi. Ukitaka, twende.

MFUGAJI: Nitabeba chupa.

MVUVI: Chupa ya nini? Unga hauokotwi kwa chupa. Mwambie mamako akupe kipande cha buibui kuukuu, tukachujie. Na uje na kitambulisho, askari wa getini hakujui.